Maziwa ya mzazi huamuliwa siku ya tatu

Mwanamke aliyejifungua salama katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki hulala wodini usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri asiruhusiwe kabla ya saa 24 kutimia, lakini pale ambapo wazazi wawili wanagawana kitanda kimoja, hata saa hizo huwa hazifiki. Anafungasha beseni, kanga na kadi ya kliniki, anapanda bajaji, anarudi nyumbani. Maziwa yenyewe, yale mengi meupe yanayojaza matiti, kwa kawaida hutoka kati ya siku ya pili na ya nne. Maana yake ni kwamba saa anayomhitaji zaidi mtu anayeijua kazi ya kunyonyesha inamkuta chumbani kwake, amezungukwa na watu wanaompenda lakini ambao hakuna aliyewafundisha.

Usiku wa tatu ndio mgumu kuliko yote. Mtoto analia, anabandikwa titi, ananyonya dakika chache, anasinzia, anawekwa chini, analia tena. Mama ana maumivu, hajalala, labda ana mshono. Mtu mmoja nyumbani anasema maziwa hayatoshi. Hakuna anayepinga, maana kilio kinasikika hadi kwa jirani. Kufikia asubuhi mtoto ameshapewa maji ya glukosi, au maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa, au wamemtuma kijana dukani kuleta maziwa ya kopo. Mtoto analala. Nyumba nzima inashusha pumzi, na mama anaamini kwamba hana maziwa.

Hapo ndipo upungufu wa kweli unapoanza kutengenezwa, na sababu yake iko katika namna mwili unavyofanya kazi.

Kondo la nyuma likishatoka, homoni ya projesteroni hushuka ghafla, na prolaktini, ambayo tangu ujauzito ilikuwa imezuiwa, hupata nafasi ya kuamuru matiti yazalishe. Hatua hii ya kwanza huja yenyewe. Kabla yake kuna dang'a, maziwa mazito ya rangi ya njano ambayo siku ya kwanza hupimwa kwa vijiko vya chai. Ni machache kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo, na yamejaa kinga. Bado kuna nyumba ambako dang'a hukamuliwa na kumwagwa kwa madai kwamba ni maziwa machafu, na mtoto husubirishwa mpaka meupe yatoke. Hasara ni mbili: anakosa kinga, na matiti yanakosa amri ya mapema ya kuendelea kuzalisha.

Baada ya siku hizo za mwanzo, usukani huhamia kinywani mwa mtoto. Kila anaponyonya, prolaktini hupanda na kuagiza maziwa ya mlo unaofuata, huku homoni nyingine, oksitosini, ikikamua yale yaliyomo tayari na kuyasukuma kuelekea kwenye chuchu. Titi lililokamuliwa huongeza kasi. Titi lililoachwa limejaa hujipunguza lenyewe, hata kama lenzake linaendelea vizuri, ndiyo maana mama anayenyonyesha upande mmoja tu huona ule mwingine ukikauka. Mama wa mapacha huweza kuzalisha ya wawili kwa kanuni hiyohiyo, kwa kuwa vinywa viwili vinaagiza. Kwa mtoto anayenyonya tu, kiasi hupanda kutoka vijiko vile vya siku ya kwanza hadi nusu lita hivi kwa siku kufikia mwisho wa wiki ya kwanza, na kukaribia robo tatu ya lita mwezi wa kwanza unapotimia.

Sasa turudi kwenye kopo la usiku wa tatu. Mtoto aliyeshiba maziwa mengine halii kwa saa kadhaa. Katika saa hizo titi halijaguswa, halijatoa, halijapokea agizo lolote. Kesho yake linatoa kidogo zaidi, mtoto analia zaidi, kopo linaongezwa. Wiki mbili baadaye mama huyo kweli ana maziwa machache, na kila mtu aliyekuwepo usiku ule atasema aliliona tangu mwanzo.

Jibu la swali ambalo wanawake huulizana wodini, kwenye foleni ya kliniki na kwenye makundi ya WhatsApp, la namna ya kuongeza maziwa kwa mtoto mchanga, ni gumu kulitekeleza ingawa si refu kulieleza. Mtoto anyonye mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24, usiku ukiwemo. Usiku una uzito wake, kwa kuwa prolaktini huwa juu zaidi saa hizo. Mzazi anayeambiwa alale na mtoto apewe chupa na shangazi anapewa pumziko kwa gharama ya maziwa ya kesho. Mtoto anayelala kupita kiasi siku za mwanzo aamshwe. Anyonye titi moja mpaka aliachie mwenyewe, kisha apewe la pili. Na abandikwe vizuri, kwa sababu mtoto anaweza kukaa titini saa nzima asipate kitu.

Kubandika ndiko kunakostahili kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo wengi hukwama bila kujua. Mama aegemee, mgongo uwe na kitu cha kuushikilia, mabega yalegee. Mtoto ageuzwe amkabili, tumbo kwa tumbo, kichwa na mwili vikiwa mstari mmoja, pua ikielekea kwenye chuchu. Chuchu iguse mdomo wa juu, kisha asubiriwe. Wengi hawasubiri, wanamwingiza akiwa amefunua nusu. Akipanua kinywa kama anayepiga miayo, aletwe upesi, yeye aletwe kwenye titi badala ya mama kuinama. Kidevu kikandamize titi, mdomo wa chini ubinuke kwa nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi upande wa juu kuliko wa chini. Atanyonya harakaharaka kwanza, halafu taratibu na kwa nguvu, na maziwa yakishatoka kwa wingi atasikika akimeza. Chuchu ikiuma muda wote, ikichubuka, au ikitoka imebonyea upande mmoja, hajabandikwa vizuri: mama aingize kidole kidogo pembeni mwa kinywa, amwachishe, aanze upya. Akishapata, mara nyingi maumivu yaliyomtoa machozi hupungua palepale.

Kwa mtoto asiyeweza kunyonya, au aliye mbali na mama, kazi ya kinywa hufanywa na mkono. Kidole gumba juu, cha shahada chini, sentimita mbili au tatu nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Dakika ya kwanza hakitoki kitu, na wengi hukata tamaa hapo. Matone yakianza, hukingwa kwenye kijiko au kikombe kilichochemshwa na mtoto hunyweshwa kwa kikombe hichohicho. Pampu si lazima, wala chupa.

Dalili nyingi zinazowatisha wazazi hazihusiani na upungufu. Matiti kuwa laini si dalili ya upungufu; baada ya wiki chache huwa laini hata kwa mwenye maziwa tele. Kukamua na kupata kidogo hakuonyeshi kiasi anachopata mtoto, kwa sababu mtoto anayenyonya vizuri hutoa zaidi ya mkono. Mtoto kutaka titi kila baada ya nusu saa jioni nzima ni jambo la kawaida, na ndiyo namna yake ya kuongeza agizo. Ushahidi wa kuaminika uko kwenye nepi na kwenye mizani. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo mweupe usio na harufu kali. Choo cheusi cha kunata cha siku za kwanza huwa kimegeuka cha njano. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo, jambo ambalo kina mama wengi hawaambiwi, kisha hurudi ulipokuwa kufikia wiki mbili. Mama aliyefundishwa kuhesabu nepi hana haja ya kubahatisha kwa kusikiliza kilio.

Na chakula? Hakuna eneo katika nchi hizi lisilo na mlo wake wa mzazi. Uchagani hupikwa mtori, ndizi zilizopondwa na nyama. Pwani ni uji wa pilipili manga, supu ya kuku, na kwa Zanzibar na Mombasa uwatu uliolowekwa. Milo hii inastahili heshima. Mwili wa mama anayenyonyesha hutumia takribani kilokalori 500 zaidi kwa siku, na mwanamke aliyetoka kupoteza damu anahitaji nyama, mboga za majani, maharage na maji ya kumaliza kiu. Lakini mwili wa mama hulinda maziwa: hata asiyekula vizuri huendelea kuyazalisha kwa kutumia akiba yake mwenyewe, naye ndiye anayedhoofika. Kwa hiyo mzazi alishwe kwa ajili yake. Sufuria la mtori haliwezi kufanya kazi ya mtoto kunyonya saa nane za usiku.

Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane ilichapisha mapitio ya majaribio 41 ya dawa na mimea inayosemekana kuongeza maziwa, yaliyohusisha wanawake zaidi ya 3,000. Iliona dalili kwamba baadhi huenda husaidia, ila ushahidi ulikuwa dhaifu kiasi kwamba haikuweza kusema kwa uhakika. Anayependa uwatu anywe, ila mwenye kisukari anayetumia dawa amuulize daktari kwanza, kwa kuwa uwatu hushusha sukari. Domperidone, ambayo baadhi ya wanawake huinunua kwenye duka la dawa baada ya kusikia kwa shoga, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Hiyo isinywewe bila cheti cha daktari. Pombe, iwe mbege au bia nyeusi, hupunguza oksitosini, na anayeipendekeza kwa mzazi anamrudisha nyuma. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo hupunguza maziwa, kwa hiyo mama aseme kliniki kwamba ananyonyesha kabla ya kupewa njia yoyote.

Hekima kubwa ya mila zetu haikuwa kwenye sufuria. Ilikuwa kwenye arobaini. Kwa siku arobaini mzazi hakuchota maji, hakupika, hakulima. Alikandwa kwa maji ya moto, alilishwa, alikaa na mtoto wake kifuani. Mwanamke aliyeachiwa muda hivyo ananyonyesha kila mtoto anapotaka, hata kama hakuna aliyewahi kumtajia prolaktini. Leo uji wa pilipili manga umebaki na arobaini imepungua. Katika nyumba ya kupanga ya Mbagala au Kayole hakuna shangazi wa kukaa mwezi mzima. Mama anafua nepi mwenyewe siku ya nne, na wageni wanaokuja kumpa hongera wanataka chai. Anayempenda mzazi aje na chakula kilichopikwa, aoshe vyombo, amchukue mtoto mkubwa akacheze, aondoke. Na asimwambie kwamba hana maziwa. Hofu, maumivu na aibu huchelewesha oksitosini, maziwa yanakuwepo lakini hayashuki, na neno la mama mkwe linaweza kufanya hivyo.

Kuna wanaofaidika na shaka hiyo. Mwaka 1939 huko Singapore, daktari Cicely Williams aliwahutubia wanachama wa Rotary na kusema wazi kwamba kuwashawishi akina mama waache kunyonyesha watumie maziwa ya viwandani ni sawa na kuua. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha ripoti ya Mike Muller kuhusu biashara hiyohiyo katika nchi maskini. Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala kwa kura 118. Marekani peke yake ilipinga. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012, na Tanzania ina kanuni zinazokataza kuyatangaza. Sheria hizo ni nzuri na zisimamiwe. Hata hivyo hazigusi sentensi ya usiku wa tatu. Hakuna muuzaji aliyeingia chumbani. Kopo lilifuatwa dukani kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa na jibu.

Jibu linaweza kupelekwa mlangoni, na limeshajaribiwa jirani kabisa. Huko Mbale, mashariki mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulitumia wanawake wa kawaida wa vijiji vilevile, waliofundishwa kusaidia unyonyeshaji, wakamtembelea kila mama mara kadhaa kabla na baada ya kujifungua. Watoto walipofika wiki 12, asilimia 82 ya waliotembelewa walikuwa wananyonya tu, bila maji wala kitu kingine. Kwenye vijiji visivyotembelewa walikuwa asilimia 44. Utafiti huohuo ulifanyika Burkina Faso na Afrika Kusini. Burkina Faso ilipata matokeo yanayofanana na ya Uganda, Afrika Kusini mabadiliko yalikuwa madogo sana, kwa hiyo mazingira yana nguvu yake na si kila mahali pataitika sawa.

Nairobi ina somo lake. Kwenye mitaa ya Korogocho na Viwandani, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliona kwamba watoto walionyonya tu kwa miezi sita kamili walikuwa kama asilimia 2. Baadaye wahudumu wa afya wa jamii walipoanza kupita nyumba kwa nyumba na ujumbe wa unyonyeshaji, kiwango kilivuka nusu, tena katika makundi yote mawili yaliyolinganishwa, lile lenye ushauri wa ziada na lile la huduma ya kawaida. Wanawake walikuwa walewale wa vibarua na biashara ndogondogo, wanaoishi chumba kimoja. Matiti yao hayakubadilika. Waliongezewa mtu wa kuwauliza.

Watu hao sasa wapo, au wanaajiriwa. Septemba 2023 Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kufikisha zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Wana kazi nyingi: malaria, kifua kikuu, lishe, vyoo. Ombi ni kwamba katika orodha hiyo ndefu, ziara ya siku ya tatu baada ya kujifungua isiwe jambo la hiari. Mhudumu akae mpaka mtoto anyonye, atazame kinywa na chuchu, ahesabu nepi, aongee na bibi wa mtoto kwa heshima, maana bibi ndiye atakayebaki usiku. Saa moja inatosha kwa wengi.

Ziara hiyo ndiyo pia itakayowaona wale ambao kweli hawana maziwa ya kutosha. Wapo, ni wachache, na hawakufanya kosa. Mwanamke aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua anaweza kuchelewa sana. Kipande cha kondo kilichobaki ndani huzuia maziwa, na damu inayoendelea kutoka ni onyo la kurudi hospitali siku hiyohiyo. Matatizo ya tezi la shingoni, upasuaji wa titi, au matiti ambayo tangu ujana yana tishu chache za kuzalisha maziwa, yote hayo hayatatuliwi kwa kumhimiza mama ajitahidi. Mtoto anayelala bila kuamka kunyonya, asiyekojoa kwa saa nyingi, mwenye utosi uliobonyea au macho ya njano yanayozidi, apelekwe kituoni mara moja. Akihitaji nyongeza apewe: kwanza maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kisha ya kuchangiwa yaliyo salama, kisha ya kopo, kwa kikombe, huku mama akiendelea kubandika na kukamua. Kumlisha mtoto aliye hatarini ni wajibu, na mama huyo hastahili kunyooshewa kidole na yeyote, wakiwemo watetezi wa kunyonyesha.

Mama wa njiti ana kibarua kingine. Anashauriwa aanze kukamua ndani ya saa sita na aendelee mara nane kwa siku, ingawa mtoto hajaweza kunyonya. Kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, humsaidia yeye na huchochea maziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa kwa uwiano mdogo, asilimia 12 dhidi ya karibu 16. Na kwa wasio na maziwa ya mama, hospitali ya Pumwani jijini Nairobi ilifungua benki ya maziwa mwaka 2019. Eneo lenye watoto wengi kiasi hiki linahitaji nyingi kama hiyo.

Imebaki zamu ya baba na ya mwajiri. Sheria ya kazi ya Tanzania humpa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 kwa mapacha, na akirudi kazini saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mama ntilie na muuza mchicha hawana hata moja ya hizo. Baba aliyeajiriwa hupewa siku 3. Akizianza siku mke anapojifungua, zinamalizika wakati uleule maziwa yanapojaa na mikono inapohitajika. Kenya humpa wiki mbili, na Tanzania haina sababu ya kubaki nyuma. Lakini jambo jepesi kuliko yote halihitaji Bunge. Kadi ya mtoto ina nafasi ya kuandika chanjo ya BCG na ya polio anazopewa akizaliwa, na hakuna kituo kinachomwacha mtoto bila kuijaza. Ziongezwe pale nafasi za siku ya tatu: uzito, idadi ya nepi zilizolowa, na sahihi ya mhudumu aliyemwona mtoto akinyonya.